Siku ya kazi bila kazi: msaada ufike kwa mtu anayekula siku kwa siku

Maneno yaliyosomwa kwa sauti na kutumwa katika vikundi vya WhatsApp. Goma, Ijumaa tarehe 1 Mei 2020.



Miaka mingine, siku kama ya leo, wafanyakazi wanapita barabarani na T-shirt mpya, wakubwa wanakaa kivulini na kupiga makofi, na sisi tunasimama pembeni na vibao vyetu. Mwaka huu hakuna kupita barabarani. Tangu mwezi wa tatu, mikutano ya watu zaidi ya 20 imekatazwa, na sisi tunaheshimu katazo hilo. Njo maana leo tunawasemesha kwa simu. Kila mtu asikilize kwake, na aliye na mega chache atumiwe na jirani.

Tunataka kieleweke tangu mwanzo: hatusemi kwamba Corona haiko. Hapa kwetu hakuna mtu wa kutufundisha ugonjwa. Tangu Agosti 2018 tunaishi na Ebola katika jimbo letu. Tulinawa mikono ku barieri na kupimwa joto mbele ya Kinshasa kuanza kusikia neno hilo. Mwezi uliopita, zikibaki siku mbili tu ili mwisho wa Ebola utangazwe, mgonjwa mpya akapatikana Beni. Basi tunajua kwamba ugonjwa hauna haraka ya kwenda. Lakini tunajua kitu kingine pia, na hicho njo tunataka kusema leo: mtu mwenye njaa hawezi kubaki nyumbani, hata akiamini ugonjwa uko. Atatoka. Atavaa maski yake na atatoka.

Kwa hiyo swali letu si kama hatua za serikali ni nzuri ao mbaya. Swali ni hili: serikali ilipofunga milango, ilifikiri nani anakula kupitia mlango huo?

Tukumbuke tarehe. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi. Tarehe 18 Machi Raisi alifunga shule, makanisa, baa na restora. Tarehe 21 Machi Rwanda ikafunga mipaka yake, na tarehe 24 Machi Raisi akatangaza hali ya dharura na kufunga mipaka yetu, isipokuwa kwa magari ya mizigo. Kisha mji wetu nao ukatengwa na territwari zinazotulisha. Leo ni siku zaidi ya 40 tangu mama wa Goma avuke kwa miguu kwenda Gisenyi.

Hebu tuangalie watu watano. Majina hatutaji, lakini kila mmoja wenu atamtambua jirani yake.

Wa kwanza ni mama wa Petite Barrière. Kila asubuhi alivuka na beseni, akanunua nyanya, karoti na maziwa upande wa pili, akarudi kuuzisha Birere. Mtaji wake wote ulikuwa dola 40. Tulipomuuliza anaishi namna gani, alituhesabia kwa vidole: wiki ya kwanza walikula faida iliyobaki. Wiki ya pili walianza kula mtaji. Wiki ya tatu mtaji ulikwisha, akauzisha beseni. Mtusikilize vizuri: aliuzisha beseni. Siku barieri itafunguliwa, mama huyu atavuka na nini?

Wa pili ni motari. Pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka vérsema kwa mwenye pikipiki, abiria wakiwa wengi ao wakiwa wachache. Sasa wanafunzi hawaendi shule, watu hawaendi kanisani, hakuna anayeenda barieri. Mafuta analipa, vérsema analipa, na polisi akimkamata njiani analipa tena.

Wa tatu ni mwalimu wa shule ya mtu binafsi. Mshahara wake unatoka ku minervali ya wazazi. Shule imefungwa, wazazi hawalipi, na yeye hayuko mu listi ya serikali. Mwezi wa tatu alipewa nusu. Mwezi wa ine hakupewa kitu. Huyu ni mtu mwenye diploma, aliyezoea kuheshimiwa mu kartiye, na leo anapita njia ya nyuma ili mwenye kantini asimuone.

Wa ine ni binti anayefanya kazi mu hoteli. Yeye ana kontra ya kweli, yenye sinyatire. Aliitwa, akapewa barua: kontra imesimamishwa kwa sababu ya nguvu kubwa isiyozuilika. Sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu hivyo. Kontra inasimama, mshahara unasimama pamoja nayo. Na CNSS, ile kasha tunayokatiwa kila mwezi? CNSS ina pansheni, ina posho ya watoto, ina ajali za kazi. Haina kitu cha mtu aliyekosa kazi. Kwa inchi yetu, mtu akikosa kazi anatumwa kwa artikle 15, ile tunayoijua wote: jitafutie mwenyewe.

Wa tano ni mwenye malewa. Sufuria tatu, meza mbili, na wadada wawili wanaomsaidia. Restora kubwa zilipofungwa, na yeye alifungwa. Kwa macho ya sheria, huyu ni patron. Kwa macho ya takse pia ni patron, analipa patanti. Lakini ukimwambia kwamba serikali imesaidia biashara, atakuuliza: biashara gani?

Sasa tuangalie serikali ilitangaza nini. Tuseme ukweli, haikukaa kimya. Hatupendi tabia ya kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Ilitangaza maji na umeme bure kwa miezi mbili. Iliondoa TVA kwa miezi tatu ku vyakula vya lazima na vitu vya dawa. Ilisimamisha kontrole za impo kwa makampuni. Ilikataza kufukuza mpangaji anayeshindwa kulipa nyumba, tangu mwezi wa tatu hadi wa sita. Banki Kuu ilishusha riba yake, kutoka 9 kwa mia hadi 7,5. Na Raisi alianzisha Mfuko wa taifa wa mshikamano kwa kupigana na Corona.

Ukisoma karatasi hiyo kwa haraka, unaweza kupiga makofi. Lakini tuipitishe mu avenyi yetu, hatua moja moja.

Maji na umeme bure. Tangazo hili linahusu Regideso na SNEL. Nani ana robine ya Regideso ndani ya nyumba huko Ndosho, huko Mugunga, huko Majengo juu? Wengi wetu tunanunua maji kwa bidon, na bidon haikuwa bure hata siku moja. Wengi hatuna umeme wa SNEL. Tunanunua kwa kampuni ya mtu binafsi, ao tunalipa jirani aliyetupitishia waya, ao tunawasha tochi ya simu. Anayepata umeme bure ni yule aliyekuwa na kompteri tayari.

TVA. Ni kweli, TVA ya 16 kwa mia si kidogo. Lakini inaondolewa kwa mtu anayeingiza magunia kwa kamyo. Kutoka kwake hadi kwa mama anayepima mchele kwa kikombe, kuna mikono ine ao tano, na hakuna sheria inayolazimisha kila mkono uachilie sehemu yake. Nendeni Birere muulize bei ya mchele, ya sukari na ya mafuta, kisha muilinganishe na bei ya mwezi wa pili. Kama iliteremka, mtuambie, tutawapongeza hadharani.

Kontrole ya impo. Mama wa sambaza pale Kituku hajawahi kupokea kontrole ya impo. Hana vitabu vya hesabu. Anayemfikia kila asubuhi ni kijana wa takse, mwenye bloku ya jeton mkononi. Huyo hakusimamishwa! Hali ya dharura ilisimamisha ndege, ilisimamisha mpira, ilisimamisha misa ya Pasaka, lakini haikusimamisha jeton ya soko. Kampuni kubwa inapumzishwa, na mwenye beseni anaendelea kulipa fasi ya kukalia chini.

Nyumba. Katazo la kufukuza wapangaji ni jema, na sisi tunaliunga mkono. Kama mwenye nyumba anakutoa kwa sababu ya miezi hii, tuite. Lakini deni la nyumba halijafutwa. Linangoja. Mwezi wa saba utafika na mwenye nyumba atadai miezi ine mara moja, na garanti itakuwa imekwisha kuliwa. Na tusisahau kwamba mwenye nyumba wengine ni mama mjane aliyejenga vyumba viwili vya mbao, na kodi hiyo njo chakula chake. Yeye naye nani alimfikiria?

Riba ya Banki Kuu. Hii tulicheka, mtusamehe. Riba hiyo ni ya banki kukopa kwa Banki Kuu. Sisi tunakopa kwa likelemba, kwa AVEC, kwa mikrofinansi, na hali ikiwa mbaya zaidi, kwa Banki Lambert, yule jirani anayekupa 100 na kungoja 150 mwisho wa mwezi. Kule riba haikuteremka. Kule imepanda, kwa sababu wanaohitaji wamekuwa wengi.

Mnaona sasa ugonjwa wa msaada huu. Wote unapita kwa karatasi: fakitire, kompteri, vitabu vya hesabu, konti ya banki. Mwenye karatasi anaguswa kidogo. Asiye na karatasi unapita juu ya kichwa chake kama ndege ya UN. Na mu inchi yetu, wasio na karatasi njo wengi. Njo wanaobeba miji hii.

Kuna watu watatuambia: mungoje, hali ya dharura itakwisha, mipaka itafunguliwa, kazi itarudi. Hapa tunawaomba mshike neno moja, hata mkisahau mengine yote. Barieri inafunguliwa kwa dekre. Mtaji haufunguliwi kwa dekre. Mama wa dola 40 alichukua miaka kuzipata hizo dola 40. Alianza kwa kuuzisha beniye, akaingia likelemba, akangoja zamu yake, akaweka kidogo kidogo. Wiki tatu zilizikula. Kila siku inayopita bila msaada, biashara ndogo zinakufa kimya kimya, bila kufunga mlango, kwa sababu hazikuwa na mlango. Na zikisha kufa, pesa ya kuzifufua itakuwa nyingi kuliko pesa ya kuzilisha leo.

Je, inawezekana kumfikia mtu asiye na karatasi? Tuangalie wengine.

Togo ni inchi ndogo, na haiko tajiri kama udongo wetu. Tarehe 8 Aprili serikali yake ilianzisha Novissi, neno linalomaanisha mshikamano mu kiewe. Mtu wa kazi ndogondogo anabonyeza namba fupi ku simu ya kawaida, bila intaneti, anatia namba ya kadi yake ya elekta, na pesa inaingia ku simu. Wanaume wanapewa 10.500 za CFA kwa mwezi, wanawake 12.250, kwa sababu wanawake njo wanaolisha nyumba. Hawakuuliza fakitire.

Kwa jirani hapa Rwanda, mwisho wa mwezi wa tatu, viongozi wa mitaa ya Kigali walianza kupitisha chakula nyumba kwa nyumba. Afrika ya Kusini, tarehe 21 Aprili, ilitangaza randi 350 kwa mwezi, kwa miezi sita, kwa mtu asiye na kazi na asiyepata msaada mwingine. Kenya nayo ilifuta impo ya mshahara kwa mtu anayepata shilingi 24.000 kwa mwezi kurudi chini. Hiyo ya Kenya inafaa mtu mwenye buletini ya mshahara tu. Muuza mboga haimgusi. Tunaitaja ili mjue kwamba kosa hili si la Congo peke yake. Lakini kosa la jirani haliwezi kuwa udhuru wetu.

Wataalamu wa Kinshasa watasema: Congo si Togo, hatuna data. Tunawajibu kwa heshima. Mbele ya uchaguzi wa 2018, CENI iliandikisha watu karibu milioni 40. Kila mmoja alipewa kadi, na kadi hiyo njo tunaonyesha polisi, njo tunaonyesha banki, njo tunaonyesha tukinunua SIM. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziko kila kona ya mji, chini ya parasoli. Wakati wa kutafuta kura zetu, walitufikia hata kule barabara haifiki. Basi wakati wa kutulisha njia imepotelea wapi?

Na pesa? Tarehe 22 Aprili, siku tisa zilizopita, FMI ilikubali kuikopesha inchi yetu dola milioni 363 kwa sababu ya Corona. Tunajua kwamba mkopo huo uliombwa kwanza juu ya akiba ya pesa za kigeni na matumizi ya afya. Hatusemi wachukue yote na kuigawanya mu soko. Tunasema ni deni, na deni hilo litalipwa na sisi, vijana, miaka mingi baada ya hawa wakubwa kuondoka. Tuko na haki ya kuuliza.

Tufanye hesabu pamoja, ni hesabu yetu wenyewe. SMIG, mshahara wa chini wa sheria, ni 7.075 FC kwa siku. Kwa siku 26 ni karibu 184.000 FC. Tuseme nusu yake tu, 92.000 FC kwa mwezi kwa kila jamaa. Tuchukue jamaa laki moja, za miji iliyofungwa, zile zinazokula siku kwa siku. Ni FC bilioni 9,2 kwa mwezi. Kwa 1.700 FC kwa dola moja, ni kama dola milioni 5,4. Kwa miezi tatu, ni dola milioni 16 na kidogo. Haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya mkopo ule. Kwa hiyo mtu asituambie haiwezekani. Atuambie kwamba hapendi, hapo tutaelewana.

Njo haya tunayoomba, na tumeyaandika pia kwa barua kwa serikali ya taifa, kwa gavana na kwa meya.

Kwanza, jeton ya soko, takse ya kukalia chini na takse za motari zisimamishwe leo, hadi miezi tatu baada ya hali ya dharura. Tangazo libandikwe mu mlango wa kila soko, kwa Kiswahili, na jina la mkubwa aliyeisinyi. Hatua hii haina haja ya FMI. Inahitaji kalamu tu.

Pili, pesa ifike moja kwa moja kwa jamaa zinazokula siku kwa siku, kwa simu, kwa miezi tatu. Asiye na simu apokee mkononi, mbele ya nyumba kumi na mashahidi wawili, mmoja akiwa mwanamke.

Tatu, mtaji wa kuanza upya. Siku mipaka itafunguliwa, pesa isiyo na riba ipitie vikundi ambavyo watu wanaviamini tayari, AVEC na likelemba, na siyo kwa banki inayoomba karatasi ya shamba. Na mikrofinansi zisimamishe kwa sasa malipo ya deni za wafanyabiashara wadogo, bila kuongeza adhabu.

Ine, walimu wa shule za watu binafsi na wafanyakazi waliosimamishiwa kontra wapewe sehemu ya mshahara. Wao ni rahisi kuwafikia kuliko wote: wako na kontra, wako na jina, wengine wako na namba ya CNSS.

Tano, kazi. Maski zinahitajika kwa mamilioni. Mafundi cherehani wako Virunga, wako Alanine, wako Katindo, mashini zimejaa vumbi kwa sababu hakuna arusi. Serikali inunue maski kwao, na sabuni kwa vikundi vya mama wanaoipika hapa hapa, mbele ya kufungua soko kwa mtu wa kuleta kontena.

Sita, hesabu. Mfuko wa mshikamano utangaze kila wiki: umepokea ngapi, kutoka kwa nani, umetoa ngapi, kwa nani. Leo kuna kesi ya pesa za programu ya siku 100 mbele ya sheria, na sisi hatuhukumu mtu mbele ya mahakama. Lakini kila Mkongomani ameelewa kwamba pesa ya haraka njo pesa inayopotea haraka.

Sasa tuseme juu yetu wenyewe, kwa sababu ni rahisi kunyooshea Kinshasa kidole.

Wiki iliyopita tulikusanya unga, maharagi na sabuni kwa ajili ya avenyi moja. Tuliandika listi ya jamaa 30. Tulijivuna nayo. Kisha mmoja wetu akaisoma kwa sauti, na tukaona aibu. Wengi mu listi walikuwa watu tunaowasalimia: mama ya rafiki, papa wa kwaya, jirani wa mbele. Yule mama mjane anayeuzisha makala nyuma ya uwanja, mwenye watoto watano, hakuwemo. Hakuna aliyemsahau kwa ubaya. Ni kwamba hakuna aliyekuwa na namba yake. Tulirudia listi, mara hii tukipita nyumba kwa nyumba, na tukaisoma mbele ya mlango wa shefu wa avenyi, ili kila mtu aweze kusema: huyu mmemsahau, na huyu ana mtoto anayemtumia pesa kutoka Ulaya.

Kama sisi, bila mshahara wala mamlaka, tulikosea hivyo mu avenyi moja, mnawaza nini juu ya listi itakayoandikwa mu biro, mlango ukiwa umefungwa? Njo maana tunasema: listi yoyote ya msaada ibandikwe ku ukuta na isomwe kwa sauti. Listi inayofichwa tayari imeuzishwa.

Kwa hiyo kuna kazi ya kila kijana anayetusikia. Wa kwanza hadi wa mwisho, muandike listi ya avenyi yenu. Muanze na wasio na simu. Msianze na mama yenu. Yeye atakuwa na shahidi mwingine. Mama akiombwa jeton, mumsaidie kuomba risiti, na mupige picha ya risiti, siyo ya mtu. Msisambaze habari ya WhatsApp mbele ya kuuliza imetoka wapi. Vaeni maski, acheni nafasi, msikumbatiane, hata kama mmekosana muda mrefu. Na mtu asivunje kantini ya mtu kwa sababu bei imepanda. Yule mwenye kantini yuko mu listi hii hii pamoja na sisi.

Wengine watasema tunafanya siasa wakati wa ugonjwa. Lakini kuamua nani atakula na nani atangoja, hiyo njo siasa yenyewe, na inafanywa sasa hivi, tukiwemo ao bila sisi. Tunaona bora tuwemo.

Tumalizie kwa yule mama wa beseni. Tulipomwaga, hakutuomba chakula. Aliuliza kama tumesikia siku gani barieri itafunguliwa. Tulimjibu kwamba hatujasikia. Akasema sawa, basi kabla ya siku hiyo anatafuta beseni. Huyo njo mfanyakazi wa Congo, wandugu. Hangojei huruma. Anataka tu kukuta beseni yake siku mlango utafunguliwa.

Tunampa serikali hadi tarehe 15 Mei kujibu barua yetu. Jibu likija, tutalisoma hapa, neno kwa neno, likiwa zuri ao baya. Lisipokuja, tutapita watu 19 kwa 19, maski usoni, mita moja kati yetu, kila kikundi na listi ya avenyi yake mkononi, hadi mbele ya meri. Katazo linasema watu 20. Tutahesabu vizuri.

Siku njema ya kazi kwa aliye nayo, na nguvu kwa aliyeikosa.